Kishikwambi cha Kusomea Kitandani

Askari atokaye zamu ya usiku hana maktaba; ana kitanda, chandarua na saa moja ya utulivu. Hatuwalaumu basi ndugu zetu wa kambini wanaonunua kishikwambi, ambacho wengi hukiita tableti, wapate kusoma intaneti wakiwa wamelala. Tunachokilaumu ni pupa ya siku ya mshahara.

Muuzaji husifu ukubwa wa kioo. Sisi twauliza uzito. iPad ya mwaka 2010 ilikuwa na gramu 680, mzigo usioinulika juu ya uso kwa muda mrefu na mkono uliokesha na bunduki. iPad mini ya mwaka 2012 ilikuwa na gramu 308 tu. Kioo cha inchi 8 chatosha.

Lakini wepesi peke yake haufai. Programu ya ile iPad ya kwanza ilikoma kusasishwa mwaka 2012, na kurasa nyingi za leo haziifungukii. Rahisi ya namna hiyo ni hasara. Mnunuzi na afungue ukurasa mrefu palepale dukani, akuze maandishi, kisha apunguze mwanga hadi mwisho, kwani mwenzake wa kitanda cha pili aingia zamu saa kumi alfajiri. Muuzaji akikataa, askari na arudi kambini na fedha zake.