SMU ilizikwa kwa kosa ambalo leo ni ruksa

Dola 61,000. Hizo ndizo pesa ambazo wachezaji 13 wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist (SMU) cha Dallas, Marekani, walibainika kulipwa kwa siri katika mwaka wa masomo wa 1985-86. Aliyepata kidogo alishika dola 50 kwa mwezi, aliyepata nyingi dola 725. Kwa mkwanja huo, timu nzima ya futiboli ya Marekani ilifutwa.

Tangu Julai 2025, vyuo vikubwa vya nchi hiyohiyo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja. Kiwango cha juu kwa mwaka wa kwanza ni takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo. Mchana kweupe, hakuna anayejificha.

Shabiki wa soka asidhani haya ni mambo ya bonanza la wanafunzi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unabeba zaidi ya watu 100,000. Kocha alilipwa, televisheni ilivuna, chuo kilivuna. Aliyevunjwa mbavu uwanjani alipewa ada, chakula na kitanda, basi.

Na SMU haikuwa timu ya kuokoteza. Doak Walker alibeba tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1948, na watu walivyofurika kumtazama ikabidi uwanja wa Cotton Bowl uongezwe. Jerry LeVias, aliyesajiliwa 1965, alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa masomo kwa futiboli katika ligi yao ya Southwest, huku akitukanwa na kutishiwa. Mwaka 1982, timu ikiwa bado inatamba na kizazi cha Eric Dickerson na Craig James, ilimaliza msimu bila kufungwa: ushindi 11, sare moja.

Nyuma ya pazia, matajiri wapenzi wa timu walikuwa wanatoa bahasha. SMU ilijua ni kosa. Ilikuwa imeshaadhibiwa mara kadhaa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, mara ya mwisho 1985, na bado bahasha ziliendelea. Hapo hakuna wa kuitetea.

Februari 25, 1987 NCAA ikashusha rungu ambalo mashabiki wa kule wanaliita adhabu ya kifo. Msimu wa 1987 ukafutwa wote. Wa 1988 iliruhusiwa kucheza ugenini tu, chuo kikaona bora kukaa pembeni kabisa. Siku chache baadaye Bill Clements, gavana wa Texas aliyewahi kuongoza bodi ya chuo hicho, akakiri kwamba wakubwa walijua. Walikubaliana malipo yaendelee hadi vijana walioahidiwa wamalize muda wao.

Gavana huyo alimaliza kipindi chake ofisini. Wachezaji, wakiwemo wengi ambao hawakutajwa kupokea hata senti, ndio waliofunga mabegi. Makocha wa vyuo vingine walimiminika Dallas kuwachukua, kama watu wanaogombania vitu vya nyumba iliyoungua.

Timu iliporudi 1989 ilikuwa imejaa vijana wa mwaka wa kwanza. Ilichapwa 95-21 na Houston. Ndiyo, tisini na tano. Iliambulia mechi mbili kati ya 11, mojawapo ikiwa ya kuifunga Connecticut 31-30 kwenye kiuwanja kidogo cha chuoni, na watu wa Dallas wanaisimulia mpaka leo kuliko mataji mengine. Kuanzia hapo hadi 2008 ilipata msimu mmoja tu wenye ushindi mwingi kuliko vipigo. Mwaka 2024 ndipo ilipoingia ligi ya ACC na kufika hatua ya mtoano ya ubingwa wa taifa, ikatolewa na Penn State 38-10.

NCAA itasema sheria ilikuwa sheria. Sawa. Lakini tangu siku ile haijathubutu kuipa adhabu hiyo timu nyingine kubwa ya futiboli, na kashfa za pesa hazikukoma. Kama dawa ilikuwa sahihi, mbona iliachwa kabatini?

Aprili 2024 waandaaji wa Heisman walimrudishia Reggie Bush tuzo aliyoiachia kwa sababu ya malipo ya aina hiyohiyo, wakisema mchezo wa vyuo umebadilika. NCAA nayo ianze na vijana wa SMU wa 1987. Kumbukumbu zake zieleze wazi kwamba waliotajwa kulipwa ni 13, na wale wengine waliopoteza msimu wapewe barua ya kuombwa radhi, kila mmoja kwa jina lake.