Saa ya Kasida Isiondolewe



Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wazazi wetu, walimu wetu na ndugu zetu wanafunzi, sisi tunaoandika ukurasa huu ni wanafunzi wa darasa la mwisho, ambao mwaka huu tunaaga chuo chetu. Katika mkutano wa wazazi uliopita ilitolewa rai kwamba ile saa moja ya kasida ya kila Alhamisi iondolewe katika ratiba, na muda huo tupewe kwa kuhifadhi Qur'ani au kwa masomo ya skuli. Rai hiyo imetolewa kwa nia njema na waliyoitoa ni watu tunaowaheshimu. Hata hivyo, sisi hatuafikiani nayo, na tunaomba tusikilizwe kabla uamuzi haujapitishwa. Sababu zetu tulizipata majumbani mwetu, katika mwaka 2020, mwaka ambao kila kitu tulichokizoea kilibadilika.

MWAKA MJI ULIPOFUNGWA

Wakati huo tulikuwa na umri wa miaka minane hadi kumi. Mwezi wa Machi 2020 skuli zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, chuo kikafungwa, na misikiti ikafungwa. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Mei, tukiwa katikati ya Ramadhani, serikali ikatangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale hapa Mombasa, na amri hiyo ilidumu mwezi mzima. Taraweh tulisali nyumbani. Wapiga ngoma ya daku hawakupita mitaani. Idd tuliisali sebuleni, baba akiwa imamu na sisi maamuma, na kanzu mpya hatukuwa na wa kumuonyesha.

Ilipofika Julai misikiti ikaruhusiwa kufunguliwa kwa masharti. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba walio chini ya miaka 13 na waliozidi miaka 58 wasiingie, na vyuo vya madrasa viendelee kufungwa. Hivyo basi, baba na kaka walikwenda msikitini, na waliobaki nyumbani tulikuwa sisi watoto pamoja na bibi na babu zetu. Wakati huo tuliona ni dhulma. Leo tunaona kwamba kulikuwa na kheri ndani yake, kwa sababu katika zile nyakati za kukaa na wazee ndipo tulipozijua kasida zetu.

Tunasema "tulipozijua" kwa makusudi. Kabla ya hapo tulikuwa tunaziimba tu. Mmoja wetu alipewa zawadi katika Maulidi ya chuo ya mwaka 2019 kwa sauti yake nzuri, na alikuwa hajui maana ya neno hata moja katika aliyoyasoma. Wengine hatukuwa bora kuliko yeye.

MWEZI MPEVU NA NJIA YA KUAGANA

Kasida ya kwanza ni Tala'al Badru. Hakuna mtoto wa chuo asiyeijua. Sisi tulikuwa tukiisoma mbio mbio, tukishindana nani atapaza sauti zaidi. Jioni moja ya Ramadhani ile, mwenzetu mmoja alikuwa akiiimba huku anamsaidia bibi yake kukanda unga wa mahamri. Bibi akamuuliza, "Mjukuu wangu, hiyo Wadaa unayoitaja ni kitu gani?" Mwenzetu akanyamaza. Bibi akamwambia, "Wadaa ni kuagana, mwanangu. Pale ndipo watu wa Madina walipokuwa wakiwasindikiza wasafiri wao na kuagana nao."

Siku ya pili mwenzetu alitupigia simu mmoja mmoja kutueleza. Tukaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe na kuwauliza wazazi wetu. Tukafahamishwa kwamba wanazuoni wametofautiana: wapo wasemao kasida hii ilisomwa siku Mtume (S.A.W.) alipoingia Madina katika Hijra, mwaka 622, na wapo wasemao ilikuwa siku aliporudi kutoka Tabuk, katika mwaka wa tisa wa Hijra. Vyovyote iwavyo, mahali watu walipozoea kulia kwa kuagana pakawa mahali pa kupokea mgeni aliye bora kuliko wote.

Tukafahamishwa pia yaliyotangulia Hijra. Miaka kama mitatu kabla yake, Mtume (S.A.W.) alifiwa na mkewe Bi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, mwaka unaoitwa Mwaka wa Huzuni. Akaenda Taif kutaka msaada, watu wa huko wakampiga mawe. Yeye pia alipata mwaka ambao milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, kisha Mwenyezi Mungu akamfungulia Isra na Miraji, na baadaye Madina.

Kwa mtoto wa miaka tisa aliyefungiwa ndani, habari hii haikuwa ndogo. Wapo kati yetu ambao baba zao walikuwa wafanyakazi wa mahotelini na kazi zilisimama. Mwenzetu mmoja alimuona baba yake akiuza pikipiki yake, na anasema usiku ule aliisoma Tala'al Badru polepole kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

KASIDA YA MGONJWA

Ya pili ni Burda. Aliyeitunga ni Imamu al-Busiri wa Misri, katika karne ya 13, na ina milango kumi na beti kama 160. Sisi tulikuwa tunakijua kiitikio chake tu. Katika mwaka ule wa maradhi, ndipo babu ya mmoja wetu alipotusimulia kupitia simu kisa chake. Inapokewa kwamba Imamu alipatwa na kiharusi, nusu ya mwili wake ikafa. Akiwa kitandani akatunga sifa za Mtume (S.A.W.) huku akimuomba Mwenyezi Mungu msamaha na afya. Akaota kwamba Mtume amemfunika joho lake, naye alipoamka akajiona mzima. Ndiyo maana ikaitwa Burda, yaani joho.

Babu hakuishia hapo. Alituambia maneno haya: "Msije mkadhani kwamba kasida ni dawa. Anayeponya ni Mwenyezi Mungu peke yake. Nyinyi oweni mikono, vaeni barakoa, na mgonjwa apelekwe hospitali. Kasida ni ya moyo, ili moyo usikate tamaa mwili unapotibiwa."

Tunaamini somo hili la tauhidi lilituingia zaidi kuliko kama tungelisoma ubaoni. Lilitufikia kwa sababu tulikuwa tunaijua kasida na tulitaka kujua kisa chake. Lau saa ya kasida isingekuwako, babu angeanzia wapi kutusimulia?

BARUA YA MAMA KWA BINTI YAKE

Ya tatu si kasida ya Kiarabu bali ni utenzi wa Kiswahili, Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mwanamke wa Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, aliutunga utenzi wa beti mia na kidogo kumuachia binti yake, Mwana Hashima. Humo amemuusia dini, adabu, kuuchunga ulimi na kuwatendea watu wema, kisha akamaliza kwa dua. Haikupita miaka mingi akafariki dunia.

Bibi yake mmoja wetu aliuhifadhi sehemu kubwa ya utenzi huo tangu usichana wake. Katika miezi ile alikuwa akiukariri baada ya sala ya Alasiri, na mjukuu wake akaandika beti chache kila siku katika daftari la hesabu, kwa kuwa daftari jingine halikuwapo na maduka yalikuwa yamefungwa. Baadhi ya maneno yalikuwa ya Kiamu cha zamani, na bibi akimfasiria moja moja.

Bibi huyo alifariki kabla ya mwaka 2020 kwisha. Mwenyezi Mungu amrehemu na ailaze roho yake mahali pema peponi, amin. Mazishi yalikuwa ya watu wachache, na sisi wenziwe mjukuu wake hatukuweza kwenda kumpa pole. Daftari la hesabu lipo mpaka leo. Mwenzetu anasema kwamba akilifungua husikia sauti, na kwamba sasa ndipo anapofahamu kwa nini mama mgonjwa alijitaabisha kupanga maneno yake kwa vina: maneno yenye vina hayasahauliki upesi.

MAJIBU YETU KWA RAI TATU

Tumezisikia hoja za wanaotaka saa hii iondolewe, nasi tunazijibu kwa adabu.

Hoja ya kwanza ni kwamba Qur'ani ina haki zaidi ya muda wetu. Hilo ni kweli, wala hakuna Muislamu wa kulipinga. Lakini saa ya kasida ni moja tu kwa wiki. Ikiwa mtoto hahifadhi juzuu yake katika siku nyingine, hataihifadhi Alhamisi. Na kasida inayofahamika humrejesha mtoto katika sira ya Mtume (S.A.W.), na sira humrejesha katika Qur'ani.

Hoja ya pili ni kwamba kuimba ni upuuzi. Tunafahamu kuwa masheikh wetu wametofautiana kuhusu ala za muziki na kuhusu Maulidi, na si mahali petu watoto kuwahukumu. Lakini mashairi mema ni jambo jingine. Mtume (S.A.W.) alimuwekea Hassan bin Thabit (R.A.) mimbari msikitini ili ajibu mashambulizi ya maadui kwa mashairi. Katika mwaka wa tano wa Hijra, maswahaba walipokuwa wakichimba handaki kuulinda mji wa Madina, kwa njaa na baridi, walikuwa wakisoma mashairi, na Mtume mwenyewe alibeba mchanga huku akiyasoma maneno ya Abdullah bin Rawaha (R.A.). Hapa pwani yetu, Habib Swaleh wa Lamu aliwavuta kwenye elimu watu wengi ambao hawakupata nafasi ya kusoma, na Maulidi na kasida zilikuwa miongoni mwa milango aliyowafungulia.

Hoja ya tatu ndiyo iliyotuchoma, kwa sababu ina ukweli. Wamesema kwamba watoto wanasoma kasida kama kasuku, kwamba wengine wanachukua mahadhi ya nyimbo za dansi na kuyatia maneno ya dini, na kwamba lengo limekuwa kushinda mashindano na kurikodiwa kwenye simu. Hayo yapo. Sisi wenyewe tulikuwa hivyo. Lakini nyumba ikivuja paa haibomolewi, hutengenezwa paa.

TUNAYOPENDEKEZA

Kwa hivyo, kwa heshima, tunapendekeza haya:

Kwanza, kila kasida isomeshwe maana yake kabla ya mahadhi yake. Mwanafunzi asipande jukwaani kusoma asichoweza kukieleza kwa Kiswahili.

Pili, kwa kila kasida tuelezwe aliyeitunga, nchi yake na sababu ya kuitunga.

Tatu, kila mwanafunzi, katika likizo ya Ramadhani, amuulize mzee mmoja wa nyumbani kwao kasida au utenzi anaoupenda, auandike katika daftari, na aulete chuoni. Tusingoje mji ufungwe tena ndipo tukae na bibi zetu.

Nne, mahadhi ya nyimbo za dansi yaachwe.

Na ikiwa muda kweli hautoshi, saa hiyo ipunguzwe iwe nusu saa. Hilo tutalikubali. Tusilolikubali ni iondolewe kabisa.

Wazazi wetu wapenzi, mwaka 2020 mlihangaika ili sisi tule na tusiugue, na hatujui namna ya kuwalipa. Mlipokuwa mkihangaika, kasida zilitushughulisha na zikatutuliza, nazo tulizipata katika saa hii ambayo leo inataka kuondolewa. Wadogo zetu walio katika darasa la kwanza nao watapata mwaka wao wa mitihani, wa aina tusiyoijua. Hatupendi uwakute mikono mitupu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, awape afya waliobaki, awabariki walimu wetu na akijaalie chuo chetu kidumu katika kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Wanafunzi wa Darasa la Mwisho