Adili na Kiboko Chake



Wako watu miongoni mwetu, na wengine wao ni walimu wenzangu, wasemao kwamba kitabu cha hadithi ambacho shujaa wake hapendezi hakifai kusomwa na mtoto. Husema kuwa mtoto humwiga yule asomaye habari zake, basi na apewe watu wema tu. Na kitabu chenyewe kikiwa na majini, na mji uliogeuka mawe, na watu waliogeuzwa wanyama, ndiyo kabisa! Hunyang'anywa mkononi. Maneno haya hata mimi nimeyasema miaka mingi. Leo nakusudia kuyapinga, nami nakuomba unisikilize mpaka mwisho ndipo uhukumu.

Hapa kwetu Segera, penye njia panda ambapo barabara ya Tanga huiacha ile iendayo Korogwe na Moshi, Shaaban Robert si mgeni. Ni mtu wa mkoa wetu, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, naye ni Muislamu mwenzetu. Kitabu chake kiitwacho Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952. Asili ya kisa chake ni Alfu Lela u Lela, katika habari za liwali wa Basra na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya nyani, na mji akauita Janibu.

Sasa angalia jinsi tunavyokutanishwa na shujaa huyu. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, amefikia nyumbani kwa Adili, liwali wa Janibu. Usiku watu wamelala, mwenye nyumba anainuka, anawaendea nyani wawili, anawapiga kwa kiboko. Akisha kuwapiga analia, kisha anawalisha. Ni nani atakayempenda mtu wa namna hii kwa mara ya kwanza?

Kijana mmoja wa chuoni kwangu alikisoma kitabu hicho, akaniambia, "Maalim, mimi simpendi Adili."

Nilimkemea. Nikamwambia kuwa amehukumu upesi, na dhana mbaya ni dhambi. Nikamkumbusha kuwa nyani wale ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa Adili, ambao aliwatendea wema nao wakamlipa kwa kumtupa baharini. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, ndiye aliyewageuza nyani, akamwamuru awapige kila usiku, na akiacha adhabu itamrudia mwenyewe. Kisha nikamtajia kisa cha Nabii Musa (A.S.) na Khidhri katika Suratul Kahf, jinsi chombo cha maskini kilivyotobolewa, na Musa akakosa subira kwa kuwa hakujua sababu. Nikadhani nimemshinda.

Kijana akasema kwa adabu, "Maalim, nimekisoma mpaka mwisho. Lakini Nabii Yusuf, ndugu zake si walimtupa kisimani? Alipopata mamlaka Misri, aliwapiga?"

Msomaji, wakati ule mkononi mwangu palikuwa na bakora. Sikuwa na jibu.

Utasema, Adili aliamrishwa. Kweli, lakini na nani? Khidhri alitenda kwa amri ya Mola wake. Adili alitenda kwa kuliogopa jini. Mwenye kumpiga mwenzake kwa kuogopa asipigwe yeye, hawezi kujificha nyuma ya Khidhri. Utasema tena, alilia. Machozi ya mpigaji yamemponya nani? Sisi walimu wangapi tumemwambia mtoto, "Nakupiga kwa sababu nakupenda," naye akarudi kwao hawezi kukaa? Na hicho kiboko kiliwafaa nini wale ndugu wawili? Pigo la usiku huu lilifuatwa na pigo la usiku wa kesho, nao wakabaki nyani vile vile. Waliporudi kuwa watu, ni kwa sababu Mfalme Rai alikisikia kisa chao akawaombea.

Usidhani kwamba namlaumu Shaaban Robert. La hasha! Yeye ndiye aliyekiweka kile kiboko mlangoni mwa kitabu, tukione kabla ya kujua lolote jingine. Wala siwatetei Hasidi na Mwivu. Ubaya wao uko wazi. Ninaowalaumu ni sisi wasomaji. Tukisikia jina Adili, tunasema huyu ni mwadilifu, basi tumemaliza kazi. Shujaa tunayempenda tangu ukurasa wa kwanza hutunyang'anya mizani mikononi. Kila alitendalo tunaliita jema. Bali yule tusiyempenda hutulazimisha tumpime, na tukimpima tunajikuta na sisi tumo katika mizani ile ile. Kijana wangu alimpima Adili, na bakora yangu ikapimwa pamoja naye.

Nanyi mnaotaka watoto wasome habari za watu wapendezao tu, mtaifanya nini Suratu Yusuf? Mtawaondoa ndugu waliosema uongo kwa baba yao mzee, na shati lenye damu ya uongo? Mtamwondoa Firauni, na Qaruni na hazina zake? Mwenyezi Mungu ametusimulia habari za wabaya na za wema, na za wema walioteleza wakatubu, kwa kuwa Yeye anatujua tulivyo.

Basi nawausia wazazi na walimu. Mkimkuta mtoto na kitabu kama hicho, msimnyang'anye. Mwulizeni, "Nani humpendi humo, na kwa nini?" Kisha nyamazeni mumsikilize, hata kama jibu litawauma. Mtoto awezaye kumwambia mwalimu wake kwamba shujaa amekosea, hatadanganywa kwa urahisi na kiongozi, wala na tajiri, wala na sheikh mwenye jina zuri.

Na ama bakora, imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume wetu (S.A.W.) hakumpiga kwa mkono wake mtumishi wala mwanamke. Na Anas (R.A.) alimtumikia miaka kumi asisikie kwake hata neno la kukemewa. Hadithi hizi nimezisomesha tangu ujana wangu, bakora ikiwa magotini. Ilinipasa nisomewe kisa cha nyani wawili na mtoto niliyekuwa nikimpiga, ndipo nizielewe. Bakora ile sasa naiegemea nikienda msikitini. Chuoni haiingii tena.

Wabillahi tawfiq.