Hesabu za Vijiweni

Kutoka Bunju hadi Bagamoyo, vijiwe vya pwani vimezoea hesabu moja: fulani alimpiga fulani aliyempa tabu fulani, basi bondia wetu ni zaidi. Hesabu hiyo ni ya uongo, na ushahidi tunao. Septemba 2018, Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, alimmaliza Sam Eggington mjini Birmingham katika raundi ya pili. Machi 2019, Liam Smith alihitaji raundi tano kumshinda Eggington huyo huyo. Kwa mantiki ya kijiweni, Smith alikuwa windo jepesi. Walipokutana Liverpool, Septemba 2022, pambano liliishia raundi ya nne, na aliyeinuliwa mkono ni Smith. Yalikuwapo malalamiko ya mguu na viatu, hayaifufui hesabu.

Wala si jambo geni, hata kwa uzito wa juu. Joe Frazier na Ken Norton walikwisha kumshinda Muhammad Ali. George Foreman akawafyeka wote wawili, kila mmoja ndani ya raundi mbili. Wajuzi wakamzika Ali akiwa hai. Kinshasa, Oktoba 30, 1974, aliyeanguka raundi ya nane ni Foreman.

Kwa nini basi hesabu hii inapendwa? Ina wanufaika. Promota anayemlisha bondia wake wapinzani dhaifu huuza rekodi, si uwezo, nasi tunashangilia. Anayeumia ni kijana anayesafirishwa na rekodi hiyo kwenda kukutana na ngumi ambazo nyumbani hakuwahi kuzionja. Wanaotoa vibali vya mapambano watuambie: nani hukagua ulinganifu wa mabondia kabla ya kengele kulia?