Kelele haipandishi mlima: bomba gani la moshi kwa kinga ya motere?



Katika mkutano wetu wa mwisho, kilichotukalisha mpaka jua kuzama hakikuwa bei ya kahawa. Kilikuwa bomba la moshi. Vijana wanaopeleka kahawa yetu mbivu kwa baisikeli zenye motere, hizi tunazoita kinga ya motere, waliomba koperative iwanunulie mabomba ya mashindano kwa pesa ya kasha la usafiri. Wengine walipiga makofi, wengine walinung'unika. Sisi wa komite ya usafiri tuliombwa kuandika mawazo yetu hapa. Tunayaandika bila kuficha: tunakataa. Si kwamba tunakataa bomba jipya. Tunakataa lile.

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe, juu mtu asidhani tunasema ya kusikia. Msimu uliopita kinga moja ya kwetu ilivalishwa bomba fupi lenye tumbo, la kung'aa, lililonunuliwa mjini. Siku ya kwanza tulikuja wote kulisikia. Tulicheka, tukapiga makofi, hata wazee. Wiki ya pili, siku ya mavuno makubwa, kinga hiyo ilikuwa na gunia mbili za matunda mekundu, ikakwama katikati ya mlima. Pistoni ilishikana na silinda. Kijana alisukuma, akaomba msaada, giza likamkuta njiani. Gunia zilifika kwenye stasheni ya kuosha kahawa asubuhi yake, zikiwa na joto ndani na harufu kama ya pombe. Zilikataliwa. Mnajua sheria yetu, na ni sheria nzuri: kahawa iliyochumwa leo inatolewa ganda leo. Mama aliyezichuma hakupata kitu. Bomba lilikuwa la koperative, makofi yalikuwa yetu wote, lakini hasara ilibaki kwake peke yake. Jambo hilo linatuuma mpaka leo.

Sasa, kosa lilikuwa wapi? Wauzaji wanasema bomba hili linaongeza nguvu. Hawadanganyi kabisa, na hapa njo watu wengi wanapotea.

Motere zetu ni ndogo. Nyingi zinauzwa kwa jina la 80, lakini ukipima silinda yenyewe ni sentimita za ujazo 66 tu. Ni za mipigo miwili, zile zinazokunywa esanse iliyochanganywa na mafuta. Ndani ya motere ya namna hii, moshi unatoka wakati huohuo esanse mpya inaingia, kwa hiyo sehemu ya esanse mpya inakimbia nje pamoja na moshi bila kufanya kazi. Bomba lenye tumbo linafanya mambo mawili. Pale linapopanuka, linavuta moshi utoke upesi. Pale linaposongamana tena, pigo la moshi linagonga ukuta, linarudi nyuma, na kuisukuma ile esanse iliyotoroka irudi ndani ya silinda. Fundi wa Ujerumani Mashariki, Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, njo aliyeinoa elimu hii katika miaka ya 1950. Dereva wake Ernst Degner alitoroka mwaka 1961, akapeleka siri hizo kwa Suzuki, na mwaka 1962 akashinda ubingwa wa dunia kwa motere ya 50. Basi si uchawi na si uongo.

Lakini pigo lile lazima lirudi kwa wakati wake. Angalieni mama wawili wanaotwanga sombe katika kinu kimoja. Mchi mmoja unapanda, mwingine unashuka, na kazi inakwenda. Mmoja akibadili mwendo, michi inagongana. Bomba la moshi ni vilevile: urefu wake umepimwa kwa mwendo mmoja wa motere. Likiwa fupi, limepimwa kwa motere inayozunguka mbio sana, kama zile za vipikipiki vya mchezo vinavyopita mizunguko 10,000 kwa dakika. Likiwa refu, linasaidia motere inayozunguka polepole. Kinga yetu yenye gunia mbili kwenye mlima inazunguka polepole. Kwa hiyo lile bomba fupi lilikuwa likiturudishia pigo wakati mbaya. Tulipoteza nguvu palepale tulipoihitaji, na kijana, ili aipate, alilazimika kukaza gazi mpaka mwisho mlima mzima. Ongeza kwamba esanse ya siku ile ilikuwa na mafuta kidogo. Motere ingefanya nini?

(Kuhusu mafuta tuseme upesi, maana si leo tunaanza kuyasema. Kwa motere nyingi za aina hii, baada ya siku za kuizoeza, ni sehemu 1 ya mafuta kwa sehemu 20 za esanse. Ukinunua kwa kadhafi chupa ya bia ya sentilita 72, hiyo ni mililita 36 za mafuta. Nunueni sindano ya kupimia kwa duka la dawa. Macho hayapimi.)

Kuna jambo lingine ambalo hakuna bomba litakaloliponya. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na mashamba yetu yako juu ya ziwa. Hewa huku ni nyepesi. Motere inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo hata ukiwa ufukweni umekwisha kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Tena kabureta imepangwa kiwandani kwa hewa nzito ya chini. Huku kwetu inatoa esanse nyingi kuliko hewa. Matokeo yake mnayajua: moshi mzito, buji nyeusi yenye unyevu, masizi yanajaa ndani ya bomba mpaka motere inakohoa. Halafu tunasema bomba la kiwandani ni baya! Tulifungua moja mwezi uliopita. Kile kifuniko cha nyuma kinafunguka, na ndani kuna kijibomba chembamba. Tundu lake lilikuwa limebaki kama la kalamu. Fundi alikwangua masizi, akasafisha pia mlango wa moshi kwenye silinda kwa kijiti cha mbao, pistoni ikiwa juu ili uchafu usianguke ndani. Ilikuwa kazi ya saa moja hivi. Kijana aliyeipanda alidhani tumembadilishia motere.

Njo maana tunasema: kabla ya kununua, safisheni. Kiisha angalieni buji. Ikiwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri, motere iko na afya. Ikiwa nyeusi, inakula esanse bure, mpelekee fundi aangalie kabureta. Ikiwa nyeupe, simama, inaungua. Ni muhimu kuirudia kazi hii kila mara bomba linapobadilishwa, juu bomba linalopitisha moshi upesi linabadilisha kipimo cha hewa pia, na motere iliyokuwa na esanse nyingi inaweza kubaki na kidogo mno bila wewe kujua.

Na nguvu ya mlima? Iko kwenye mnyororo. Pinyo ya nyuma inayokuja na motere hizi mara nyingi ina meno 44. Kuna ya meno 48, kuna ya 56. Ukitoka 44 kwenda 56, gurudumu linapata nguvu zaidi ya robo, bila kugusa motere, bila esanse ya zaidi. Mwendo unapungua kwenye tambarare, ni kweli, lakini nani kati yetu ana tambarare? Kwa pesa ya bomba moja la mashindano, sisi tulipata pinyo kubwa na mipira mipya ya breki, na chenji ilibaki. Breki, wenzetu! Baisikeli ilitengenezwa isimamishe mtu mmoja. Tunaiwekea gunia mbili na motere, tunaishusha mlima wa mawe, halafu mazungumzo yetu ni jinsi ya kuongeza mwendo.

Sasa, ikiwa bomba limepasuka kweli na lazima jingine lipatikane, tuchague hivi. Liwe refu, na shingo yake iwe ndefu kabla ya tumbo kuanza. Liwe na kizuia kelele mwishoni. Kabla ya kwenda mjini, pima kwa rula umbali kati ya bolti mbili za mlango wa moshi na ubebe kipimo hicho kwenye karatasi, maana motere ya 48 na ya 66 hazifanani, na bomba lisilokaa vizuri linavuja na kula gasketi kila wiki. Liwe na kishikio cha pili kinacholifunga kwenye fremu. Likining'inia kwa shingo peke yake litakatika kwa mtikisiko. Wachomeleaji wetu wa hapa wanaweza kutengeneza kishikio hicho, na wanaweza hata kurefusha shingo.

Mwisho wa bomba uangalie chini na nje, mbali na mzigo. Hili tunalikazia kuliko yote. Motere ya mipigo miwili inatema matone meusi ya mafuta. Kahawa inavuta harufu ya kitu chochote kilicho karibu nayo, na anayeionja kikombeni hatauliza ni bomba gani. Atasema tu ina harufu ya petroli, na loti nzima itashushwa, pamoja na kahawa ya wale wanaobeba mgongoni kwa kamba kwenye paji la uso, ambao hawajawahi kukaa juu ya motere. Gunia la plastiki likigusa bomba la moto linayeyuka, hilo mmeliona.

Vijana wana hoja moja ambayo hatutaki kuidharau. Wanasema kelele inawaonya watu na mbuzi kwenye kona. Ni kweli, barabara zetu zina kona mbaya na watoto wengi. Lakini kengele inafanya kazi hiyo, na inanyamaza ukipita. Bomba halinyamazi. Linapita kanisani, linapita penye mgonjwa, na linafika kwenye kizuizi cha barabarani kabla yako, wenye kizuizi wakiwa wamekwisha simama kukungojea. Bon, hilo la mwisho kila mtu apime mwenyewe.

Kwenye mkutano ujao tutapendekeza kasha la usafiri linunue pinyo za meno 56 kwa kinga zote nne, mipira ya breki, na sindano za kupimia mafuta. Na kwamba kila kinga isafishwe bomba kabla ya mavuno kuanza, si katikati yake. Tutaomba pia yule mama alipwe gunia zake mbili kutoka kasha hilohilo, kwa bei ya siku ile. Tunajua kuna watakaosema hakuna kanuni ya malipo hayo. Basi tuiandike.

Lile bomba la kung'aa bado limetundikwa ukutani kwenye depo. Anayelitaka aje na kitu cha kubadilishana. Mpaka sasa ameuliza mmoja tu, anataka kulifanya bomba la jiko.