Okidi Si Mnyonyaji

Msomaji, wako watu waonao okidi juu ya tawi wakanena, "Hiyo hunyonya mti, ing'olewe!" Wamekosa, na kosa lao ni uvivu wa kutazama. Chukua Stolzia repens, kijimea kinachotambaa juu ya matawi yenye unyevu katika misitu ya milimani. Mizizi yake haipenyi ndani ya mti. Imevikwa ngozi mfano wa sifongo, nayo hunywa mvua na ukungu. Mbegu yake ni vumbi lisilo na akiba ya chakula. Isipokutana na kuvu ya kuilisha, haioti kamwe. Basi huyo asemaye kwamba msitu ukifyekwa hupandwa misonobari na hasara ikaisha, atueleze: ukungu na kuvu atavipanda kwa jembe lipi?