Brazil: wali ulibaki, ubao ukapotea



Ndugu wasomaji, juma lililopita tulikaa na watoto wa madrasa hapa Ubaruku baada ya swala ya Alasiri. Wawili kati yao walikuwa wamevaa jezi za njano za timu ya taifa ya Brazil. Tuliwauliza wanajua nini kuhusu nchi hiyo, nao wakajibu kwa neno moja: mpira. Binti mdogo aliyeketi nyuma akauliza: "Ustadh, huko Brazil kuna Waislamu?" Hatukupenda kumjibu kwa pupa. Jibu lake tunaliweka leo katika ukurasa huu, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi wazazi wa Usangu kuliko linavyowahusu watoto.

Hatuwalaumu watoto kwa kuutaja mpira. Brazil imetwaa Kombe la Dunia mara 5, na tarehe 7 Juni 2010 timu yake ilikuja Dar es Salaam kucheza na Taifa Stars. Tulifungwa mabao 5 kwa 1, na bao letu hilo moja lilifungwa na Jabir Aziz.

Lakini nchi ni zaidi ya mpira. Brazil ndiyo kubwa kuliko zote katika Amerika ya Kusini, na ni ya tano duniani kwa eneo. Ukubwa wake unakaribia kilometa za mraba milioni 8.5, yaani Tanzania tisa zikiwekwa pamoja. Sensa yao ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 203. Yetu ya mwaka huohuo ilihesabu milioni 61.7. Husema Kireno, kwa kuwa walitawaliwa na Ureno hadi walipojitangazia uhuru tarehe 7 Septemba 1822. Kama sisi tulivyoichagua Dodoma, nao waliuhamisha mji mkuu kutoka pwani: Brasília, uliojengwa bara, ulizinduliwa mwaka 1960. Kaskazini umetanda msitu mkubwa wa mto Amazon. Nchi hiyo inaongoza duniani kwa kahawa, na nchi nyingi za Kiislamu hununua kuku waliochinjwa huko kwa utaratibu wa halali. Tena, nje ya bara la Asia, hakuna nchi inayovuna mpunga mwingi kuliko Brazil. Chakula chao cha kila siku ni wali na maharage. Mkulima wa Ubaruku akiketishwa mezani kwao hatajiona mgeni.

Sasa tumjibu binti yetu. Ndiyo, Waislamu wapo. Na walikuwapo tangu zamani, ila walifikishwa huko wakiwa katika minyororo. Katika kipindi cha zaidi ya miaka 300, Waafrika wapatao milioni 4.8 walishushwa Brazil kama watumwa. Wengi walitoka Angola, Kongo na Afrika ya Magharibi. Hata upande wetu haukusalimika: meli zilizong'oa nanga Quelimane na bandari nyingine za Msumbiji zilibeba Wamakua, Wayao na wengineo.

Katika mji wa Salvador, jimbo la Bahia, walikuwamo Wahausa na Wayoruba waliokuwa Waislamu. Wenyeji waliwaita Malê. Wengi wao walijua kusoma na kuandika Kiarabu, ilhali mabwana wao kadhaa hawakujua hata kuandika majina yao. Walifundishana kwa siri katika vyumba vya kupanga, wakiandika aya juu ya mbao, kama walivyosoma babu zetu chuoni. Mmoja wa masheikh wao, mzee Pacifico Licutan, alifungwa jela kwa sababu ya deni la bwana wake. Wanafunzi wake walichangishana fedha za kumkomboa. Bwana akakataa kumwuza.

Alfajiri ya tarehe 25 Januari 1835, katika kumi la mwisho la Ramadhani, watu wapatao 600 waliinuka kudai uhuru wao. Siri ilikuwa imekwisha kuvuja, na mapambano yalimalizika baada ya saa chache. Wapatao 70 waliuawa. Waliokamatwa wakahukumiwa: wanne walipigwa risasi, wengine wakafungwa au wakafukuzwa nchini, na wengi wakachapwa. Mzee Licutan, aliyekuwa jela usiku ule na hakushika silaha, alihukumiwa viboko 1,200. Karatasi na mbao za Qur'ani zikawa ushahidi mahakamani.

Baada ya hapo, kumkuta Mwafrika na maandishi ya Kiarabu kulitosha kumtia mashakani. Walimu walikuwa wamekufa au wamehamishwa, na wazazi waliogopa kuwafundisha watoto wao. Utumwa ulifutwa mwaka 1888, lakini vizazi vilivyofuata vilikuwa vimekwisha kuikosa elimu ile. Waislamu wengi wa Brazil ya leo wanatokana na wahamiaji wa Syria na Lebanon, ambao jumuiya yao iliundwa jijini São Paulo mwaka 1929, ikajenga msikiti uitwao Mesquita Brasil. Na wale Wahausa? Mpaka leo Bahia hupikwa chakula kiitwacho wali wa Kihausa, wenye nyama iliyokaushwa. Jina lao limebaki katika sufuria. Ubao wao umepotea.

Ndugu wasomaji, sisi hatufungwi na mtu. Hakuna askari anayeingia nyumbani kutafuta juzuu za watoto wetu. Hata hivyo, mpunga unapoanza kukomaa na kweleakwelea wakashuka mashambani, madrasa zetu hubaki na mikeka mitupu. Ndege hawa hula zaidi asubuhi na alasiri, na alasiri ndiyo saa ya chuo. Mtoto huamia ndege majuma kwa majuma. Akirudi amesahau, huona haya kukaa na wadogo zake, kisha haji tena. Nasi tunaoandika haya tumewahi kuwaacha wetu shambani kwa hoja hiyohiyo: mpunga ndio ada, ndio nguo, ndio dawa. Hoja ni ya kweli, lakini haitoshi.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, katika miezi ya ndege, masomo yahamishiwe kati ya Magharibi na Isha, saa ambayo ndege wamelala. Pili, wenye majaruba yanayopakana wapeane zamu, watoto wa nyumba moja wakiamia leo kwa niaba ya wote, na wa nyumba nyingine kesho. Ni mambo yanayoweza kukubaliwa siku moja baada ya swala ya Ijumaa.

Wale wa Salvador walinyang'anywa ubao kwa viboko na risasi. Sisi tukiuachia kwa shughuli za msimu, tutamweleza nini binti yule aliyeketi nyuma?

Wabillahi tawfiq.